Tochi Iko Wapi? Faini za Barabarani Kati ya Uhai na Mapato

(Hotuba kamili, kwa ajili ya ndugu waliokosa kufika.)

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, askari wa usalama barabarani mliokuja na sare zenu, madereva wa mabasi, wa daladala na wa malori, vijana wa bodaboda na bajaji, na ninyi mama zangu mnaouza matunda pembeni mwa lami: shikamooni wakubwa, vijana hamjambo.

Nianze na tochi mbili, vile vifaa vya askari vya kupima mwendo wa gari.

Tochi ya kwanza iko mbele ya shule ya msingi, saa moja kasorobo asubuhi. Askari amesimama wazi, kizibao chake kinang'aa unakiona toka mbali. Kibao cha 50 umeshakipita, kimenyooka, hakijafunikwa na majani. Watoto wanavuka zebra wameshikana mikono, mkubwa amemtanguliza mdogo.

Tochi ya pili iko kwingine. Kijiji kimekwisha. Nyumba ya mwisho umeiacha mita mia nne nyuma, kulia shamba la mahindi, kushoto korongo. Mteremko umeanza, na gari lenye mzigo kwenye mteremko linajiongeza lenyewe. Kibao cha kumaliza 50 kilipaswa kuwa hapo. Nguzo ipo, bati halipo, walioiba wameshaliuza kama chuma chakavu. Na nyuma ya mwembe, askari na tochi yake.

Tochi ni ileile. Faini ni ileile, shilingi 30,000. Sheria ni ileile, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotaka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na isiyoruhusu gari la zaidi ya kilo 3,500, mabasi yakiwemo, kupita kilomita 80 popote. Je, kazi inayofanyika ni ileile?

Ukimuuliza dereva, atakwambia wanakusanya mapato. Ukimuuliza askari, atakwambia tunaokoa maisha. Ugumu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa siku moja, kwenye barabara moja. Kwa hiyo leo sitawauliza kama faini ni mbaya au nzuri. Nitawauliza: tochi iko wapi, na nani anaisubiri ile fedha?

Tuanze na upande ambao madereva hawapendi kuusikia.

Ndugu zangu, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka mbele yako, macho yaone, kichwa kiamue, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki: hiyo ni sekunde moja na nusu kwa dereva aliye macho. Umeshakwenda mita 21 bila kupunguza chochote. Lami ikiwa kavu na tairi nzima, breki zinataka mita 14 nyingine. Jumla mita 35.

Sasa twende 80. Mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujagusa breki umekwenda mita 33. Breki zenyewe zinataka mita 35. Jumla mita 68.

Mtoto amechomoka mita 40 mbele yako. Wa 50 amesimama, na zimebaki mita tano. Wa 80 ameanza kukanyaga breki mtoto akiwa mita saba mbele, na anamfikia akiwa bado kwenye 70 na ushee. Na hizi ni hesabu za gari dogo lenye tairi nzuri. Basi lililojaa, tairi zimelika, lami imelowa: ongezeni wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo hiki: wastani wa mwendo barabarani ukipanda kwa asilimia 1, ajali za vifo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo maana dereva anayesema "nilizidisha kumi tu" hajasema jambo dogo.

Na je, faini inapunguza mwendo kweli? Jimbo la Oregon, kule Marekani, lilijibu swali hilo bila kukusudia. Februari mwaka 2003 bajeti ya jimbo ilikwama, na asilimia 35 ya askari waliokuwa wakilinda barabara kuu wakaachishwa kazi kwa mkupuo. Barabara hazikubadilika. Magari hayakubadilika. Sheria haikubadilika. Kilichopungua ni askari na tiketi, yaani karatasi za faini. Watafiti walipofuatilia walikuta majeruhi na vifo vimeongezeka, hasa kwenye barabara kuu za nje ya miji, hali ya hewa ikiwa nzuri. Yaani palepale ambapo dereva hukanyaga mafuta akijua hakuna wa kumsimamisha.

Kwa hiyo asije mtu kusimama hapa akasema faini zifutwe. Tukizifuta, tutazika watu.

Sasa upande ambao waheshimiwa hawapendi kuusikia.

Kuna wachumi wawili, Michael Makowsky na Thomas Stratmann, waliochambua tiketi za mwendo kasi za jimbo la Massachusetts. Waligundua mambo mawili, na naomba myashike yote mawili, maana watu huchukua moja na kuliacha jingine. La kwanza: dereva aliyetoka nje ya mji alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuandikiwa faini kuliko mwenyeji, na zaidi pale mji ulipokuwa na upungufu wa fedha kwa sababu wakazi walikataa kupandishiwa kodi ya majengo. Mgeni hapigi kura, na hatarudi kutoka mbali kuja kupinga faini mahakamani. La pili, walilolionyesha baadaye: miji hiyohiyo yenye njaa ya fedha, ilipoandika tiketi nyingi zaidi, ajali zilipungua.

Mmeelewa uzito wake? Askari aliyetumwa fedha naye anaokoa maisha. Nia inaweza kuwa mbovu na matokeo yakawa mazuri.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo liko mwaka wa pili na wa tatu. Faini iliyofanya kazi yake inapunguza makosa. Makosa yakipungua, fedha inapungua. Kama fedha hiyo umeshaiandika kwenye bajeti, umeshaipangia mishahara, basi sasa unahitaji watu waendelee kukosea. Unaanza kuyatafuta makosa mahali penye makosa mengi, si mahali penye vifo vingi. Tochi inatoka shuleni, inakwenda kwenye mteremko.

Ferguson, jimbo la Missouri, ni mji wa watu 21,000 hivi. Mwaka wa fedha wa 2010 mji ulikusanya dola milioni 1.38 za faini na ada za mahakama, katika mfuko mkuu wa dola milioni 11. Bajeti ya 2015 ikapangiwa milioni 3.09 katika mfuko wa milioni 13.26. Soma tena. Imepangiwa. Makosa ambayo hayajatendwa yameshawekewa makisio! Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015 ilitoa barua pepe za ndani: mkurugenzi wa fedha alimwandikia mkuu wa polisi kwamba tiketi zisipoongezeka sana kabla ya mwaka kwisha, itakuwa vigumu kupandisha makusanyo ya mwaka unaofuata. Barua hiyo haizungumzii njia panda yoyote yenye ajali wala shule yoyote. Inazungumzia makusanyo.

Na huku chini mambo yanafikaje? Ripoti hiyo ina kisa cha mama mmoja aliyeegesha gari vibaya mara moja tu, mwaka 2007. Akaandikiwa tiketi mbili, dola 151 pamoja na ada. Hakuwa na fedha wala makazi ya kueleweka. Akikosa kufika mahakamani, kosa jipya. Akikosa kulipa, ada mpya na hati ya kukamatwa. Alikamatwa mara mbili, akalala mahabusu siku sita. Alipojaribu kulipa kidogokidogo, dola 25, dola 50, mahakama ilimrudishia: ilipe yote. Kufikia Desemba 2014 alikuwa ameshalipa dola 550, na bado anadaiwa 541. Miaka saba! Kwa kuegesha gari! Nawauliza mama zangu hapa, ni mtoto gani aliyeokolewa kwa dola hizo?

Kule Florida, mji mdogo wa Waldo, kwenye barabara kuu namba 301, ulijulikana kwa kunasa madereva. Kikomo cha mwendo kilikuwa kinabadilika mara kadhaa ndani ya mwendo mfupi, na dereva asiyejua njia alikuwa hana namna ya kupita salama. Walioutoboa mpango ni askari wenyewe. Mwaka 2014 walisimama mbele ya baraza la mji wakasema wamewekewa kiwango: tiketi 12 kwa zamu ya saa 12, jambo ambalo sheria ya jimbo inalikataza. Mwaka huohuo kikosi cha polisi cha mji kikavunjwa. Ninyi askari mliopo hapa, nawaheshimu wale wenzenu. Ni kazi nzito kumwambia bosi wako mbele za watu kwamba umeagizwa vibaya.

Na Chicago tukaone mashine, kamera za kunasa wanaopita kwenye taa nyekundu, maana wapo wanaodhani kamera haina njaa. Taa ya njano ya Chicago ilipaswa kuwaka angalau sekunde tatu kabla ya nyekundu. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa jiji alikuta tiketi zipatazo 77,000 zimetolewa pale njano ilipoandikwa chini ya sekunde tatu, 2.9 na kitu. Sehemu ya kumi ya sekunde! Kwa gari la kilomita 48 kwa saa hiyo ni mita moja na theluthi, haifiki hata tairi za mbele kwa za nyuma. Kila tiketi dola 100; jumla milioni saba na zaidi. Mwaka huohuo watafiti waliopewa kazi na gazeti la Chicago Tribune walikuta ajali za kugongana ubavuni zenye majeruhi zimepungua asilimia 15, lakini za kugongwa kwa nyuma zimeongezeka asilimia 22, maana dereva anayeogopa kamera anafunga breki ghafla na wa nyuma anamwingia. Afisa wa jiji aliyesimamia mradi huo alikutwa na hatia mwaka 2016 ya kuhongwa na kampuni ya kamera, akafungwa miaka kumi.

Nirudi nyumbani sasa.

Kwetu yapo mambo yaliyotengenezwa vizuri, na tuyaseme. Zamani faini ilikuwa noti mkononi na risiti ya kuandikwa kwa kalamu. Leo kosa linaingia kwenye mfumo, linatoka na namba ya malipo, fedha inakwenda serikalini kwa simu au benki. Namba ya gari ukiiingiza kwenye mfumo, deni linasoma. Noti imetoka njiani. Hilo ni jambo kubwa sana.

Lakini faini ya papo kwa papo ni bapa. Aliyepita na 58 kwenye kibao cha 50, na aliyepita na 95, wakiishia wote kwenye karatasi ileile, wanalipa 30,000 ileile. Basi la abiria 57 likiandikiwa, gawanyeni: shilingi 526 kwa kila kiti. Tajiri wa basi anailipa kama anavyolipa ushuru wa stendi, gari likiwa limeshawahi foleni ya kupakia. Kwa huyo faini imegeuka kuwa bei ya kukimbia.

Kijana wa bodaboda naye alikuwa analipa 30,000 hiyohiyo, hesabu ya bosi ya siku kadhaa. Na kijana anayeogopa faini asiyoiweza halipi. Anakata kona, anapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu, anakimbia na abiria mgongoni. Bajeti ya mwaka 2021 ilipoishusha kuwa 10,000 kwa bodaboda na bajaji, wapo waliosema serikali imelegeza usalama. Mimi nasema hapana. Faini inayolipika humsimamisha mtu, na mtu akisimama ndipo unaweza kumuuliza helmeti ya abiria iko wapi.

Wafini, watu wa Finland, wamekwenda mbali zaidi: kwa mwendo uliozidi sana, faini inahesabiwa kwa kipato. Mwaka 2023 mfanyabiashara Anders Wiklöf alikutwa na 82 kwenye eneo la 50 katika visiwa vya Åland. Alilipa euro 121,000. Sisemi tuige hesabu yao, maana kipato cha watu wengi hapa hakijaandikwa popote. Nasema ngazi zinawezekana: kuzidisha hadi kumi, kiasi hiki, hadi ishirini, kiasi kile, zaidi ya hapo, moja kwa moja mahakamani na leseni mezani.

Nizungumzie na tochi yenyewe, kwa kuwa ugomvi mwingi wa barabarani unaanzia hapo. Ziko aina mbili. Ya rada inatoa mwali mpana. Kwa mwali wa nyuzi 12, mita 300 mbele umeshatanuka kufikia mita 60 na zaidi, unafunika barabara nzima na pembeni yake. Gari dogo likiwa mbele na lori nyuma yake, mwangwi mkubwa ni wa lori, na namba inayotokea inaweza kuwa ya lori. Kwa hiyo rada haifai kwenye msururu. Inataka gari likiwa peke yake. Ya leza ina mwali mwembamba, kwa mita 300 hauzidi mita moja, na za kisasa zinapiga picha yenye alama pale mwali ulipogusa. Hiyo inaweza kuchagua gari. Kosa lake ni mkono: askari akiuteleza mwali kutoka kwenye kioo hadi kwenye boneti wakati kipimo kinachukuliwa, umbali unabadilika kwa sababu ya mkono, si kwa sababu ya gari, na mashine nzuri hukataa kutoa namba. Na madereva, lile mnalolisema kwamba askari akikaa pembeni sana tochi inawaongezea, si kweli. Pembe inapunguza. Ukipimwa kwa pembe ya nyuzi 20, gari la 80 linasoma 75.

Kwa hiyo ukisimamishwa, omba kwa heshima uone picha. Tazama mambo manne: namba ya gari, mwendo, tarehe na saa, na alama ya mwali imekaa juu ya gari lipi. Ukiona kosa ni lako, kubali, chukua namba ya malipo, ulipe mapema. Ukiona si lako, usitie saini kwa sababu abiria wanapiga kelele. Faini ya papo kwa papo ni ya mtu anayekubali kosa. Asiyekubali ana haki ya kupelekwa mahakamani, na huko anayedai ndiye anayethibitisha. Najua inakula siku. Ile tochi ya nyuma ya mwembe inaishi kwa sababu siku ya dereva ni ghali kuliko 30,000.

Nanyi mnaowashiana taa kuonyana: mnapunguza mwendo kilomita mbili, kisha mnafidia. Dawa yake ni kupima wastani, si nukta moja. Kilomita kumi kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu. Ukizimaliza kwa sita, ulikuwa unakwenda 100, na hapana haja ya mtu kujificha kichakani. Mabasi yameshaanza kuonja hilo kwa vifaa vya LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, vinavyofuatilia mwendo safari nzima.

Kuna kisa cha jirani zetu Kenya, na ndicho kinachonikaa sana moyoni. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu, zikimwambia abiria: dereva akikimbia, paza sauti. Madereva waliozitunza stika waliingizwa kwenye bahati nasibu ndogo ili wasizibandue. Basi, hayo tu. Katika jaribio la kwanza madai ya bima ya ajali za majeruhi na vifo yalipungua kwa nusu. Walipolirudia kwa matatu maelfu, yakapungua kwa robo hadi theluthi. Kampeni yenyewe ikaitwa Zusha.

Stika! Hakuna tochi, hakuna faini. Na kwa kuwa haiingizi hata senti, hakuna ofisi inayoililia kila mwaka bajeti inapoandikwa. Waheshimiwa, hapo mtapima wenyewe ni usalama tunaoutafuta au ni kitu kingine.

Waingereza walipita njia hii. Kuanzia mwaka 2000 waliruhusu maeneo yanayoendesha kamera yabaki na sehemu ya faini kulipia gharama, lakini kwa masharti: kamera ya kudumu ikae penye historia, ajali nne za kifo au majeraha makubwa kwa kilomita ndani ya miaka mitatu, ipakwe rangi ya njano, ionekane. Hata hivyo wananchi hawakuacha kunung'unika, na mwaka 2007 kamba ilikatwa: faini zikaenda Hazina kuu, na usalama barabarani ukapewa fungu lake lisilotegemea faini. Hiyo kamba ndiyo ninayoizungumzia.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ombi langu ni dogo na linafanyika wiki hii. Mkae na askari na mganga wa kituo cha afya. Kalamu nyekundu, ramani ya kata, mtie nukta kila alipokufa au kuvunjika mtu kwa miaka mitatu. Kalamu ya bluu, mtie nukta kila tochi inaposimama. Nukta za bluu zikiwa juu ya nyekundu, wapeni askari maji ya kunywa na kivuli. Zikiwa kwenye mteremko peke yake, mhamisheni, na mwombeni meneja wa barabara arudishe bati kwenye ile nguzo.

Na itakuja siku, kwenye kikao cha bajeti, mtu atasimama na jedwali aseme makusanyo ya faini yameshuka, tufanyeje? Naomba mmoja wenu awahi kunyoosha mkono kabla hajajibiwa, aulize: mbele ya shule, mwaka huu, amegongwa nani?

Niishie hapo nisikilize. Dereva wa lori pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mteremko. Tuanze na yeye, mpeni kipaza sauti.